Strive: kitenzi kilichonigharimu laki nane na nusu

Ile barua yangu ya kuomba kazi bado ninayo. Ukurasa mmoja, niliichapa steshenari moja karibu na stendi, na ndani yake neno la kizungu strive limekaa mara saba. Saba! Nimehesabu juzi nilivyokua napanga makaratasi yangu, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Siku ile naiandika niliona nimemaliza kazi, yani mtu akiisoma hii hata kuniita kwenye usaili ni kupoteza mda, anipe tu funguo za ofisi.

Nilikua nimetoka kukosa kazi, duka nililokua nauza lilifungwa. Kwenye grupu la ajira la wasap mtu akarusha mfano wa barua ya kizungu, una sentensi "I always strive for excellence". Nikalipenda lile neno hapo hapo maana nilikua nalijua toka zamani, shule niliyosoma sekondari lilikua limeandikwa getini kwa rangi ya bluu. Fundi rangi aliandika "Strive for Excellent" na miaka yote minne hakuna aliyerekebisha, walimu wanapita, wazazi wanapita, mgeni rasmi anapita. Sisi wa form one tulitoka shule ya msingi tumesoma kila kitu kwa Kiswahili, kwahiyo lile bango tulilichukulia kama picha tu. Kuna siku tukamuuliza mwalimu maana yake nini, akasema strive ni kujitahidi, andikeni. Tukaandika kwenye daftari, strive sawasawa na kujitahidi, tukafunga.

Na hakukosea kabisa ukifungua kamusi. Ila tatizo lipo kwenye kujitahidi ya kwetu, ina kazi nyingi kuliko tunavyojua wenyewe.

Angalia. Matokeo yangu ya form four yalipotoka nilipata division two, mama akaniambia "umejitahidi mwanangu". Pale alimaanisha umefaulu, hongera. Mtu akila chakula chako kikawa kitamu anakwambia leo umejitahidi. Ukijenga chumba na sebule majirani wanasema jamaa kajitahidi. Yani neno likiwa kwenye wakati uliopita linabeba jasho na matokeo yake kwa pamoja. Sasa mimi kwenye barua nikaandika "I strived to increase the sales of the shop", kichwani kwangu nimesema niliongeza mauzo, na kweli niliyaongeza, lile duka nililikuta linauza laki mbili kwa siku nikaliacha kwenye laki tatu na nusu. Ila mwenye kizungu chake akisoma hapo anaona mtu aliyehangaika kuongeza mauzo. Yaliongezeka? Haijasemwa. Strive inasimulia jasho, habari ya kufika haipo ndani yake. Na mara nyingi mtu akisema strove, yani strive ya wakati uliopita, bila kusema alipata nini, msomaji anaanza kuhisi hakupata.

Mimi hilo sikulijua. Nikapeleka barua, na kwa bahati wakaniita.

Usaili ulikua wa kizungu mwanzo mwisho, wamekaa watatu, katikati dada mmoja mtu mzima kidogo mwenye miwani. Akaniuliza nieleze kazi yangu ya mwisho ilikuaje. Sasa pale kwa wasiwasi strive ikanipotea mdomoni, ikaja ndugu yake, struggle. Huku mtaani tunasema "napambana", mpambanaji ni sifa, mtu akikuita mpambanaji unamnunulia soda. Kwahiyo nikajibu kwa kujiamini kabisa: "I struggle a lot in my work. Every day I struggle with customers." Nikaona yule dada kanyanyua nyusi. Akauliza kwa upole, sasa huwa unafanyaje ukikutana na hali hiyo? Nikamjibu, "I continue to struggle."

Yule kaka wa pembeni alijifanya anakohoa.

Nilikuja kujua baadae sana kwamba ukisema I struggle with kitu fulani, umesema hicho kitu kinakushinda. I struggle with Excel maana yake Excel siiwezi. Kwahiyo mimi nilikaa mbele ya watu watatu wanaotafuta mtu wa mauzo nikawaambia wateja wananishinda, kila siku, na mpango wangu ni waendelee kunishinda. Kama unataka kusema unapambana kwa maana ya kuchapa kazi, sema tu "I work hard", inatosha, hata kama unaiona ya kawaida.

Walivyomaliza yule dada akanisindikiza mlangoni, akahamia Kiswahili. Akaniambia, "Kaka, barua yako umejitahidi, lakini sijaona umefanya nini." Nikamshukuru sana! Nilitoka pale nimefurahi, nampigia mke wangu nikiwa kwenye daladala namwambia wamesema nimejitahidi. Nilikuja kuielewa ile sentensi usiku nimelala, nusu ya kwanza alinipa ya heshima na nusu ya pili ndio ilikua jibu. Hawakunipigia mpaka leo.

Hapo nikajifunza la kwanza ambalo nawaambia wadogo zangu wote wanaoniletea barua zao nisome. Kama jambo lilikamilika, itaje kazi yenyewe na namba yake. I increased daily sales from 200,000 to 350,000 shillings. Basi. Kama unataka ionekane ilikua ngumu lakini ukaiweza, yani ile alijitahidi mpaka akafaulu, kizungu wana "managed to", I managed to do this, hiyo inabeba ugumu na kufika kwa pamoja, ndio iko karibu zaidi na umejitahidi ya mama yangu. Strive ibaki kwa vitu ambavyo havina mwisho, unavielekea tu siku zote, kama ubora au haki. Na mara moja kwenye barua inatosha, ikizidi inakua kama pilipili.

Baada ya miezi mitano hivi binamu yangu akaniunganisha na mzee mmoja anauza tailizi na vifaa vya bafuni kwa jumla. Pale usaili ulikua kubeba boksi. Ila mzee aliposikia naandika kizungu akanipa na kazi ya kujibu imeili, maana yeye alikua hazipendi kabisa, na hapo ndio nikapata nafasi ya kuharibu kwa mara ya pili.

Mwisho wa mwaka mzee akataka tuwaandikie shukrani watu wanaotuuzia mzigo, akasema waambie mwaka umekua mzuri kwa sababu ya juhudi zetu sote. Nikafikiria, juhudi ni nomino, kitenzi ni strive, sasa nomino yake itakua nini? Kuna strife. Inafanana kabisa, si live na life, basi strive na strife. Nikaandika kwamba mauzo mazuri ya mwaka huu yametokana na our strife, nikaweka na nukta ya mshangao, nikatuma kwa watu kumi na moja.

Strife ni ugomvi. Ni ugomvi hasa, ule wa kutoelewana, wa watu kukunjana. Nimewaambia watu kumi na moja kwamba tumefanya vizuri kwa sababu ya magomvi yetu. Mmoja akajibu kwa utani kwamba anaomba mwakani tupatane. Nilivyofuatilia kwanini yamefanana hivyo nikakuta kumbe sikua mjinga sana, ni ndugu kweli. Waingereza walilichukua hili neno kutoka Kifaransa cha zamani karibu miaka 800 iliyopita, estriver, na huko lilikua ni kugombana na kushindana. Kitenzi kikatulia na mda kikawa kujitahidi, nomino ikabaki na ugomvi wake. Kama unataka juhudi kwa kizungu andika efforts, usitafute ujanja.

Na ule ugomvi wa zamani bado unauona kwenye Biblia. Mama ana Biblia yake ya Kiswahili, ile ya Union, na mimi kwenye simu nina ile ya kizungu cha kale ya 1611, ya King James, nikawa naweka aya pamoja pamoja usiku. Mwanzo 6:3 kizungu kinasema Roho ya Mungu haita-strive na mwanadamu siku zote, na Kiswahili chetu kimeandika "haitashindana na mwanadamu milele". Kushindana, umeona? Alafu Luka 13:24, pale kizungu kinaanza na strive tena, na kwetu ni "Jitahidini kuingia katika mlango ulio mwembamba, kwa maana nawaambia ya kwamba wengi watataka kuingia, wasiweze." Hii njia imenisaidia kuliko kozi niliyolipia elfu themanini mtandaoni. Kitu unachokijua kwa moyo kwa Kiswahili ukikisoma kwa kizungu maana inakaa yenyewe. Asiye Mkristo anaweza kutumia chochote alichonacho kwa lugha mbili, hata maelezo ya dawa.

Nikirudi kwenye sarufi kidogo maana najua wapo watakaoniuliza. Ikifuatwa na kitenzi unaweka to, strive to improve. Ikifuatwa na nomino unaweka for, strive for quality. Ukipingana na kitu ni against. Mimi nilikua naandika strive for to improve, naweka vyote nisije nikakosa kimoja. Alafu wakati uliopita, hapo mimi na kaka yangu ambaye ni mwalimu tulikaribia kununiana. Yeye anasema ni strove, na striven, kama drive, drove, driven, na strived ni kizungu cha chooni. Mimi nikafungua kamusi nikamuonyesha strived ipo, imekubalika, Wamarekani wengine wanaitumia vizuri tu. Akasema hiyo kamusi ni ya simu. Ukweli ni kwamba maneno ya kizungu yaliyotoka Ufaransa karibu yote yanachukua ed mwishoni, hili moja lilijikuta linafuata mkumbo wa drive, ndio maana likawa na sura mbili. Ushauri wangu, kwenye barua rasmi weka strove na have striven, hakuna atakayekuuliza. Ambacho ni kosa kabisa ni "I have strove", na mimi kwenye barua yangu ninazo mbili.

Halafu ni neno la suti. Hili hakuna aliyetuambia shuleni. Siku moja mlango wa stoo umekwama, kuna mteja mzungu anajenga nyumba Kigamboni amesimama nyuma yangu, nahangaika na kufuli namwambia "I am striving to open the door." Alicheka sana, sio kwa dharau lakini. Ni kama mtu yuko na ufunguo mkononi anakwambia niko katika jitihada za dhati za kuufungua mlango huu. Kwa mlango ni try, I'm trying to open it. Try kwa mambo ya siku zote, strive kwa hotuba, ripoti na mabango.

Mabango sasa. Hapo ndio pesa ilipotokea.

Kuna mkandarasi alikuja anamalizia gesti maeneo ya Kibaha, anataka boksi 300 za tailizi za aina moja, rangi moja, na anataka ndani ya wiki tatu maana mwenye gesti kashapanga siku ya kufungua. Sisi stoo hatukuwa nazo. Mzee alikua amesafiri, akaniambia kwa simu shughulikia wewe. Nikaenda kwa muuzaji mmoja mkubwa mjini hapa anayeingiza mzigo kutoka nje, simtaji, wakanipa mkataba wa kizungu kurasa nne. Toka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili ndio lugha ya sheria na mahakama hapa Tanzania, ila nenda kachukue mkataba wa biashara mjini uone kama sio kizungu. Nikasoma, na mimi si ndio mtaalamu wa kizungu bana. Kifungu cha sita kilisema "The supplier shall strive to deliver the goods within 14 days." Nikaona siku 14. Macho yangu yaliruka moja kwa moja mpaka kwenye namba. Nikasaini, nikalipa nusu, nikamuandikia mkandarasi kwa Kiswahili safi kwamba mzigo utafika ndani ya siku 14, na nikakubali ukichelewa nimpunguzie bei.

Mzigo ulifika siku ya 41.

Nilivyoenda kulalamika yule kijana wa kaunta wala hakubishana, akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye lile neno. Akasema, "Bosi, tulijitahidi." Akanionyesha na imeili walizoandikiana na watu wa meli, tatu, kweli walijitahidi. Hawakuvunja chochote. Ukutani juu ya kichwa chake kuna bango kubwa, We Strive to Serve You Better, na mimi nimesimama pale dakika arobaini kwenye foleni nalisoma kila nilipokuja na sikuwahi kuliona. Nimekaa nalo toka form one hilo neno jamani.

Nikapiga hesabu ya lile punguzo nililomuahidi mkandarasi, na gari nililokodi likaenda bure mara mbili, ikaja laki nane na nusu. Mzee alirudi akasikiliza mpaka mwisho, hakunifokea, na hilo liliniuma kuliko angefoka. Akasema tutakata nusu kwenye mshahara wako kidogokidogo na nusu ni yangu maana mimi ndio nilikutuma. Mke wangu alikua mjamzito wa miezi saba. Nilikua nashindwa kumuangalia.

Baadae nikamuuliza jamaa yangu mmoja wakili, akacheka akaniambia hiyo ni ya zamani sana, kwenye mikataba ya kizungu kuna mpaka misemo yake, best endeavours, reasonable endeavours, watu wanaenda mahakamani kubishana nani alijitahidi kiasi gani. Endeavour ni binamu wa strive aliyesomea sheria. Akasema kwenye mkataba tafuta kwanza shall, alafu angalia neno linalofuata. Shall deliver, hapo ameahidi mzigo. Shall strive to deliver, hapo ameahidi kuhangaika.

Na kinachonichoma mpaka leo ni kwamba kwa Kiswahili nilikua nalijua hili toka utoto! Nani hajui "ntajitahidi" ya fundi cherehani? Umepeleka kitambaa, unamwambia fundi harusi ni Jumamosi, anakuangalia juu ya miwani na pini ziko mdomoni anasema "ntajitahidi, wewe njoo Ijumaa jioni". Hapo kila Mswahili anajua suruali haipo. Unaanza kufikiria utavaa nini kingine. Mgeni ukimualika anakwambia ntajitahidi kuja, humpikii. Kujitahidi ya jana ni sifa na kujitahidi ya kesho ni mlango wa nyuma, tumeishi nayo hivyo miaka yote na wala hakuna aliyetufundisha. Ila limekuja limevaa kizungu, limepigwa muhuri, tukaliamini. Ningekisoma kile kifungu kwa sauti ya fundi wangu nisingesaini.

Ndio ninachofanya sasaivi. Mkataba wowote wa kizungu nautafsiri kwa Kiswahili cha mtaani kwanza, kwa kalamu, pembeni ya kila kifungu, kabla hata sijaangalia bei. Inachosha lakini ni saa moja tu. Nikikuta strive, endeavour, aim to, naandika pembeni "fundi" alafu naizungushia duara.

Mwaka huu tulirudi kwa wale wale wauzaji, maana kwa ubora wa mzigo hawana shida. Nikachukua kalamu mbele ya yule kijana wa kaunta nikakata strive to, ikabaki shall deliver within 14 days, nikaweka na faini ya kila siku ikichelewa. Akaingia ndani kuuliza. Alikaa huko mda mrefu, mimi nasoma bango. Akarudi akasema inawezekana, bosi wetu amekubali, ila kwa sharti hilo bei inapanda kidogo, asilimia tatu. Nikampigia mzee. Akauliza, hiyo asilimia tatu ni ya nini? Nikamwambia ni ya kufuta maneno mawili. Akanyamaza kidogo, akasema lipa.

Mzigo uliingia siku ya 13, usiku, mvua inanyesha, boksi nne zimevunjika.